Nilidanganya dukani na jirani akanisikia: je, ushuhuda wangu umekufa?

Dada mmoja kaniandikia, jina nimelificha kama alivyoomba, na barua yake nimeifupisha hivi:

"Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Nauza kwenye duka la mchele hapa Tandale, duka sio langu ni la bosi. Nimeokoka na sokoni wananiita mlokole. Kanisani tunaambiwa kila muumini lazima alete watu, mimi kuongea siwezi, nikajiambia basi nitamshuhudia Kristo kwa mwenendo wangu tu. Wiki iliyopita bosi, ambaye naye ni mzee wa kanisa ila sio kanisa letu, kaniambia ule mchele uliochanganywa niuze kama Kyela tupu. Akaja mama lishe mmoja mteja wetu akaniuliza huu Kyela kweli? Nikasema ndio mama, Kyela huo, akachukua kilo 20. Kaka wa duka la pembeni ni Muislamu, alisikia, akacheka akasema hata wewe mlokole? Tangu siku hiyo sina amani. Ushuhuda wangu si ndo umekufa? Niache kazi? Nina mtoto na mama yangu ananitegemea. Na je ni kweli mtu anaweza kushuhudia kwa matendo bila kuongea?"

Amina dada yangu, asifiwe.

Nianze na kile kicheko cha jirani manake naona ndo kimekuuma kuliko vyote. Hebu fikiria, hapo sokoni watu wanasema uongo toka alfajiri magunia yakishushwa mpaka jioni, huyu anasema mchele mpya kumbe ni wa msimu uliopita, huyu anasema bei ya kununulia ni hiyo hiyo mama sina faida hapa, na hakuna mtu anayegeuka hata kuangalia. Kwako aligeuka. Maana yake siku zote hizo ulizodhani huna ushuhuda wowote kwasababu huongei, yule kaka alikuwa anakuangalia na alishakuweka kwenye lile kundi dogo la watu ambao wakisema neno mtu analichukua kama lilivyo. Ile "hata wewe" inaonyesha ulishaaminiwa, na mtu haaminiwi sokoni kwa wiki moja.

Ila usikimbilie hapo ukajifariji, kwasababu uongo ulisema na mimi sitakuita jina lingine. Bosi alikuagiza, sawa, na yeye ana hesabu yake mbele za Mungu, lakini mdomo uliosema Kyela huo ulikuwa wako. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, na mizani ya hadaa sio lazima iwe ile ya chuma ambayo Wakala wa Vipimo wanakuja kuikagua na kuipiga muhuri. Unaweza kupima kilo 20 zilizotimia kabisa, hata ukaongezea kidogo juu, na bado ukawa umempunja mtu kwa neno moja tu.

Na kuna kitu kingine nimekiona kwenye barua yako, nakwambia kwa upendo. Umeniandikia habari za ushuhuda wako, amani yako, kazi yako, jirani alivyocheka. Yule mama lishe umemtaja mara moja afu ukampita. Yeye ndo aliyelipa hela ya Kyela akabeba mchanganyiko. Yeye ndo kapika ubwabwa ukatoka vingine na wateja wake wakamuuliza mama leo vipi mbona wali haunukii. Sisi tuliookoka tuna hili tatizo, tukianguka tunawaza kwanza jina letu limechafuka kiasi gani, wakati Biblia ukiisoma inawaza kwanza nani kaumia. Nikwambie ninachoamini na nimekifundisha miaka mingi: mwenendo wa Mkristo unakuwa ushuhuda pale unapomfaa jirani, ukianza kuulinda kama sifa yako binafsi unageuka kuwa maonyesho tu, na maonyesho watu wa mtaani wanayajua haraka sana kuliko tunavyodhani.

Kwa hiyo swali la kuuliza sasa hivi ni nani nimemuumiza na ninamrudishiaje.

Soma Mambo ya Walawi 6 mwanzoni pale, mistari sita ya kwanza. Inazungumzia mtu aliyemdanganya mwenzake kwenye mambo ya mali, amana, kitu kilichookotwa, na inasema akijitambua kuwa na hatia arudishe kile kitu chote kamili, aongeze na sehemu ya tano juu yake, ampe mwenyewe siku hiyo hiyo, ndipo alete sadaka yake kwa kuhani. Angalia mpangilio wake, mwenye mali anarudishiwa chake, sadaka inafuata. Yesu naye kwenye Mathayo 5:23-24 kasema vile vile, ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo hapo uende ukapatane naye kwanza. Na Zakayo je? Yule alikuwa mtoza ushuru mkubwa Yeriko, akasema kama nimemnyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne. Torati ilidai kondoo wanne kwa mtu aliyeiba kondoo akamchinja au akamuuza, kwa hiyo Zakayo alijihukumu kwa kipimo cha mwizi aliyekamatwa, wakati yeye hakuna aliyemkamata siku ile, alisimama mwenyewe. Na Yesu ndipo akasema leo wokovu umefika nyumbani humu.

Sasa wewe piga hesabu yako. Tuseme tofauti ya bei kati ya Kyela na ule mchanganyiko wenu ni shilingi 500 kwa kilo, mara kilo 20 ni 10,000, ukitaka kufuata ile sehemu ya tano ongeza 2,000, jumla 12,000. Sikuwekei sheria ya Musa shingoni, hapana, hiyo hesabu nakupa ili uone kwamba toba ina kiasi na inaweza kuhesabiwa, sio kulia tu kwenye maombi ya usiku afu asubuhi mama lishe bado ana hasara yake. Bosi akikubali kurudisha vizuri, asipokubali toa kwako hata kama ni kidogo kidogo.

Najua utaniambia mtumishi hii ni aibu, nikamwambie mteja nilikudanganya? Ndio, ukamwambie. Na hapa ngoja nikukumbushe historia yetu wenyewe, kwasababu hilo jina mlokole wanalokutania nalo limetoka mbali. Mwaka 1929 pale kilima cha Namirembe Kampala daktari mmoja Mwingereza aliyekuwa anahudumu hospitali ya Gahini Rwanda, Joe Church, alikutana na Mganda anaitwa Simeoni Nsibambi, wote wawili wana kiu rohoni, wakakaa wanasoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka iliyofuata moto ukawaka Gahini na kusini magharibi ya Uganda, ukavuka ukaja Kenya na huku kwetu Tanganyika kupitia Bukoba kabla ya miaka ya 1940 kuanza. Ndo Uamsho wa Afrika Mashariki, na walioguswa wakaitwa Balokole, waliookoka.

Hawa watu walihubiri, tena sana, na waliimba mpaka majirani wakawalalamikia. Lakini kitu kilichowashangaza watu hata wasiopenda kelele zao ni kwamba walianza kurudisha vitu. Mtu anatembea kilomita nyingi kwenda kwa mwajiri wake wa zamani anasema nilichukua hiki kwako, nimekileta. Mtu analipa deni ambalo mwenye kudai alishalisahau. Vitu vya serikali vinarudi, vya misheni vinarudi, waume wanawaambia wake zao ukweli. Wazungu wa misheni nao ikawabidi waungame mbele ya Waafrika kiburi chao na ubaguzi wao, na kwa zama zile za ukoloni hilo halikuwa jambo dogo hata kidogo. Afu ikaja miaka ya 1950 Kenya, vita ya Mau Mau dhidi ya serikali ya kikoloni, wengi wa hawa ndugu wakakataa kula kiapo cha Mau Mau na pia wakakataa kubeba bunduki ya serikali kupigana na ndugu zao, wakawa hawapendwi na upande wowote, na wako waliouawa kwa ajili hiyo. Ukiuliza ushuhuda wa mwenendo ni kitu gani mimi nakuonyesha hao. Nao hawakuwa watu wasioanguka, walikuwa wanaanguka kama wewe, ila wakianguka hawakai chini, wanarudi kwa yule waliyemkosea.

Hata zamani kabisa ilikuwa hivo. Yupo mwalimu mmoja wa kanisa la kwanza, Justino Shahidi, mzaliwa wa Palestina aliyekuwa anafundisha Roma, aliandika utetezi kwa mfalme wa Roma katikati ya karne ya pili kuwaeleza Wakristo ni watu gani. Anapoeleza kwa nini watu wakali waligeuka kuwa Wakristo hataji mikutano mikubwa, anasema wengine walishindwa na maisha ya majirani zao, wengine walisafiri na Wakristo wakaona wakidhulumiwa wanavumilia namna ya ajabu, wengine walifanya nao biashara wakaona uaminifu wao. Biashara dada! Karibu miaka 1,900 iliyopita mtu anamwandikia mfalme kwamba watu wanamjua Kristo kupitia wauza duka. Kwa hiyo hiyo meza yako na hiyo mizani ni sehemu ya kazi ya Mungu sawa na ile mimbari, na mimi nashangaa kwa nini makanisani tunawawekea mikono wahubiri tu, wauza maduka hatuwaombei.

Tuje kwa bosi sasa, hili ndo gumu manake lina mkate wa mtoto ndani yake.

Usiache kazi kwa hasira wala kwa haraka. Watu wengi wanamsoma Danieli kwenye tundu la simba peke yake, wanasahau sura ya kwanza. Pale Danieli alikuwa kijana mateka, akaamriwa ale chakula cha mfalme ambacho dhamiri yake inakataa, na hakugoma wala hakumtukana mtu. Alienda kwa msimamizi kwa heshima akapendekeza jambo, akasema tujaribu siku 10, tupe mtama na maji afu utuangalie. Alikataa dhambi bila kukataa kazi, na akampa mkubwa wake njia ya kutokea. Fanya hivo hivo. Subiri mkifunga duka, wateja hawapo, wale vijana wa kubeba mizigo wameondoka, mwambie kwa adabu, "Mzee, kazi yangu naipenda na nitaendelea kukuuzia kwa nguvu zangu zote, ila juzi nilimwambia mteja uongo na dhamiri yangu imenikataa, siwezi kurudia. Naomba tujaribu, ule mchanganyiko tuuweke peke yake tuuite mchanganyiko na bei yake, Kyela ikae peke yake na bei yake, tuone mwezi huu mauzo yanakwendaje." Mama lishe wengi wanaujua mchele kuliko sisi, mchanganyiko mzuri wa bei ya katikati wataununua wakijua ni nini wanachonunua. Inawezekana kabisa biashara isianguke, ila sikuahidi.

Na hili nalisema kwa nguvu kidogo, sikuahidi. Siku hizi ukisikia kanisani kuna ushuhuda ujue mtu kapata gari, kapata visa, kapata mchumba, kapandishwa cheo baada ya kukataa rushwa. Mungu anafanya hayo na tunamshukuru. Lakini yuko mtu kakataa rushwa akafukuzwa kazi na mpaka leo anapanga chumba kimoja na watoto watatu, na huyo hapewi maiki. Petro kwenye waraka wake wa kwanza sura ya 2 anawaandikia watumwa wa nyumbani, watu wasio na haki yoyote kisheria, anawaambia mkitenda mema na kupata mateso mkistahimili, huo ndio wema hasa mbele za Mungu. Hawaambii mtapata bwana mwingine mwenye roho nzuri. Kwa hiyo ukienda kwa bosi nenda ukijua anaweza kukataa, na akisema danganya au ondoka, hapo dada yangu utaondoka, hata kama roho inauma. Anza leo kuulizia sehemu nyingine kimya kimya, ongea na mtu mmoja wawili unaowaamini kanisani wajue hali yako, na kanisa likishindwa kumsaidia dada aliyekosa kazi kwasababu kakataa kusema uongo basi hilo kanisa lina kesi ya kujibu, sio wewe.

Kuhusu kwamba naye ni mzee wa kanisa. Naelewa jinsi hilo linavyokatisha tamaa. Lakini usiipeleke habari yake kwenye grupu la wasap, usimwambie mchungaji wake kabla hujamwambia yeye, Mathayo 18:15 inasema nenda ukamwonye wewe na yeye mkiwa peke yenu. Na ukifika usimhubirie kwamba yeye ni mzee wa kanisa vipi anafanya hivi. Sema habari ya mdomo wako wewe. Mara nyingi mtu akisikia mwenzake anaungama cha kwake bila kumnyoshea kidole, dhamiri yake inaamka yenyewe.

Swali lako la mwisho, mtu anaweza kushuhudia kwa matendo bila kuongea. Hapa naomba unisikilize vizuri kwasababu naona ulijificha kidogo nyuma ya hilo neno mwenendo.

Kuna usemi unazunguka sana, hubiri injili siku zote na ikibidi tumia maneno, watu wanasema kausema Fransisko wa Asizi, yule mtawa wa zamani wa Italia. Kwenye maandishi yake hauonekani popote. Alichoandika kweli ni kizuri zaidi, na kinakuhusu wewe unayefanya kazi kati ya Waislamu. Fransisko mwaka 1219, wakati majeshi ya msalaba yanapigana huko Misri, alivuka kwenda kumwona Sultani al-Kamil bila silaha, akaongea naye, akarudi mzima. Miaka miwili baadae kwenye kanuni ya ndugu zake watawa ya 1221, sura ya 16, akaandika kwamba ndugu wanaokwenda kuishi kati ya Waislamu wanaweza kufanya kwa namna mbili. Namna moja ni wasibishane wala kugombana na mtu, wawe chini ya kila mtu kwa ajili ya Mungu, na wakiri kuwa wao ni Wakristo. Namna nyingine ni walitangaze neno wakiona inampendeza Mungu. Umeona? Hata kwenye ile namna ya kimya kuna kukiri. Mdomo haukufungwa, umepewa tu wakati wake.

Petro naye anasema hivo hivo, 1 Petro 3:15, muwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu. Ona neno awaulizaye. Mwenendo unaleta swali, mdomo unajibu. Ukiongea bila mwenendo hakuna atakayeuliza kitu, na ukiwa na mwenendo bila kujibu, mtu ataondoka anakusifia wewe tu kwamba dada yule ana roho nzuri, kalelewa vizuri kwao, wakati Yesu kwenye Mathayo 5:16 alisema wayaone matendo yenu mema wamtukuze Baba yenu. Sifa inatakiwa ipite kwako iende kwake, na haitapita kama hata mara moja hukumtaja.

Lakini kumtaja sio kuhubiri. Wewe unasema huna mdomo kwasababu unafikiria kipaza sauti na kusimama kwenye daladala. Nani kakwambia lazima iwe hivo? Ukiulizwa kwa nini umerudisha chenji iliyozidi unasema, "Yesu kanisamehe mengi, siwezi kula hela ya mtu." Basi, unaendelea kupima mchele. Sentensi moja ya kweli, na kwa Kiswahili cha kawaida, sio ile lugha yetu ya kanisani ambayo mtu wa nje haelewi hata nusu.

Afu kuna mambo madogo madogo ya kila siku ambayo huwa hatuyahesabu kama ushuhuda na ndo yanayosomwa zaidi. Muamala umeingia kimakosa kwenye simu yako, unarudisha au unazima simu? Wale vijana wanaobeba magunia, unawaita kwa majina au unawapigia miluzi? Ukikopa kikoba unarejesha siku yake au mpaka wakufuate, manake nakwambia hakuna kitu kilichoharibu jina la Kristo mitaani kwetu kama walokole wasiolipa madeni, mtu status yake ya wasap imejaa mistari ya Biblia na kila anayemdai anaiona. Mwenzio wa duka akianza kumsengenya mwingine wewe unachangia? Umetoka mkesha Ijumaa, Jumamosi unasinzia dukani wenzio wanabeba kazi yako, hapo wakikuita mlokole kwa dharau usiseme unateswa kwa ajili ya jina la Yesu. Petro alitenganisha hayo, 1 Petro 4:15-16, kuna mtu anateswa kwasababu ni Mkristo na kuna mtu anateswa kwasababu anajishughulisha na mambo ya watu wengine. Wakati mwingine wanatucheka kwa haki kabisa.

Na kwa huyo jirani yako na wenzio Waislamu hapo, jamani ishi nao kama binadamu. Wakifiwa nenda msibani, osha vyombo, kaa na wanawake wenzio jikoni. Mwezi wa Ramadhani usile mbele yao kwa makusudi kana kwamba unawapima. Nyimbo za injili dukani sio dhambi ila kama spika yako inafunika adhana na maongezi ya watu, hapo unamsumbua mtu na huwezi kumsumbua mtu umvute kwa Mungu. Mkibishana dini usitafute kushinda. Paulo aliwaandikia Wakolosai maneno yenu yawe na neema siku zote, yakikolea munyu.

Nyumbani sitakaa sana, wewe mwenyewe unajua. Mama yako anayekutegemea na huyo mtoto wanakuona ukiwa umechoka, hela imeisha, umeme umekatika. Uvumilivu wa hapo ni mgumu kuliko wa sokoni.

Basi kwa hili lililotokea, fuata mpangilio huu. Anza na bosi, jioni hii ya leo ukiweza, ili asije akasikia habari kutoka kwa mteja kabla hajaisikia kwako, hiyo nayo ni haki yake. Kesho yake mtafute mama lishe, usisubiri arudi kununua kwasababu anaweza asirudi, wewe unajua anapopikia. Nenda asubuhi kabla hajazidiwa na wateja, mwambie, "Mama, ule mchele nilikwambia Kyela tupu, haukuwa tupu, ulikuwa mchanganyiko. Nilikudanganya, naomba unisamehe, na hii ni tofauti ya bei yako." Hela uwe nayo mkononi imeshahesabiwa, usiseme nitakuletea. Usimtaje bosi, usieleze ulivyoteseka moyoni, usimkaribishe kanisani siku hiyo. Akikufokea kaa kimya umsikilize mpaka amalize, ana haki ya kufoka.

Afu kwa jirani. Huyo usimfanye aamini kwamba ulitania. Mwambie, "Kaka, ile siku ulinisikia nikidanganya na ulichosema ni kweli. Nimeshaenda kwa yule mama nimemrudishia." Akikuuliza kwa nini umefanya hivo, hapo ndo una ile sentensi moja, na akitaka kujua zaidi muongezee, asipouliza muache. Ikitokea tena bosi kakuagiza kitu kama kile na jirani yuko hapo anasikiliza, mwambie mteja ukweli kwa sauti ile ile uliyomwambia uongo.

Niandikie bosi kasema nini. Mimi nawaombea wote wanne, wewe, bosi, mama lishe na huyo kaka.